Mshipa Unapiga, Nimekanda

Machi 4, Jumatatu

Mke wangu amenipa daftari hili niandike wateja, maana anasema nawachanganya. Juzi nilimkanda mama mmoja bega la kushoto dakika kumi nzima, kumbe linalomuuma ni la kulia, na yeye kwa heshima zake akanyamaza. Basi wateja nitawaandika kuanzia mbele. Huku nyuma nitaandika yangu, na yeyote atakayesoma ajue amejitakia.

Mvua imeanza leo, na Kiguu naye ameanza kazi leo. Kiguu ni binti yetu, mtoto wetu wa pekee, miaka ishirini na mbili. Jina hilo nilimpa mimi kabla hajatimiza mitatu, kwa kuwa alikuwa kiguu na njia: ukigeuka kuchukua taulo, ukirudi beseni tupu, mtoto yuko kwa jirani wa tatu na povu masikioni. Sasa idara ya maji imempa kazi ya kusoma mita. Anapita nyumba kwa nyumba, anafunua kifuniko, anaandika tarakimu, anakwenda nyumba inayofuata. Miezi mitatu ya majaribio, kisha wataamua kama wanamchukua. Nilimwambia mama yake kwamba kama kuna binadamu aliyeumbwa alipwe kwa kutembea, ni huyu.

Amerudi saa kumi na moja jioni, amelowa chapachapa, anachechemea. Shavu la mguu wa kushoto limekaza, anasema. Nimecheka.

Machi 5

Leo hakukuwa na kicheko, amekuja mwenyewe kunipigia hodi kwenye chumba cha kazi. Chumba chenyewe ni hiki cha mbele: kitanda kirefu chembamba, taulo tatu, chupa ya mafuta, dirisha linaloangalia barabara. Kazi ya ukandaji niliirithi kwa mama yangu, na pamoja na kazi nilirithi sharti lake. Kabla hujaweka mkono kwenye msuli wa mguu, mlaze mtu chali, weka vidole viwili juu ya wayo wake, usikilize mshipa. Ukipiga, kanda. Usipopiga, usiguse, mpeleke hospitali. Miaka ishirini na saba sijalivunja sharti hilo, na mara mbili limeokoa watu ambao wangeniharibikia mikononi.

Mshipa wa Kiguu unapiga barabara. Nimekanda nusu saa nzima mpaka akasinzia.

Machi 6

Mshipa unapiga. Nimekanda.

Machi 7

Mshipa unapiga. Nimekanda. Mvua haijakata tangu asubuhi.

Machi 9

Nimemhoji vizuri, kama ninavyomhoji mteja.

"Maumivu yanaanza wapi?"

"Hapa kwenye shavu, baba. Natembea nyumba sita vizuri kabisa. Ya saba mguu unaanza kukaza. Ya nane unakataa."

"Halafu?"

"Halafu nakaa. Dakika tatu, nne. Yanaisha. Yanaisha kabisa, kama vile nilikuwa nasingizia."

Hilo ndilo lililonikera. Maumivu ninayoyafahamu mimi hayana adabu ya namna hiyo. Msuli uliochanika unauma ukiwa umekaa, umelala, umekwenda harusini. Maumivu yanayoondoka ukipata tu pa kukaa ni maumivu ya mtu anayetaka pa kukaa. Sikumwambia hivyo, lakini nadhani uso wangu ulimwambia.

Machi 12

Nimepata dawa. Msuli wa Kiguu ni dhaifu, basi, na msuli dhaifu dawa yake ni kazi. Nimemwagiza kila asubuhi asimame kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na kuchuchumia: ajiinue kwa ncha za vidole, goti limenyooka, ashuke, ajiinue tena. Mara hamsini. Mama yake anamhesabia huku anaosha vyombo, na anahesabu kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa.

Machi 13

Hamsini. Mshipa unapiga. Nimekanda.

Machi 14

Hamsini. Mshipa unapiga. Nimekanda.

Machi 20

Kigimbi kimeanza kujaa. Nimekipima kwa uzi, kimeongezeka upana wa kucha. Nilimwita mama yake aje aone. Akaja, akaona, akarudi jikoni bila kusema neno. Mke wangu akinyamaza huwa anasema mengi, ila leo sikutaka kusikiliza.

Machi 23, Jumamosi

Nimeaibika. Msimamizi wa Kiguu amepiga simu hapa nyumbani. Watu wawili wamelalamika kwamba msoma mita anajikalia kwenye ngazi za nyumba zao, hagongi hata mlango, anakaa tu amenyoosha mguu mvuani. Mmoja alimwuliza kama amelewa.

Kiguu aliporudi sikumsubiri avue hata mabuti.

"Idara imekuajiri utembee, siyo ukae kwenye ngazi za watu!"

"Baba, sikai kwa kupenda."

"Nimekukanda wiki tatu. Msuli wako sasa ni kama wa farasi. Mshipa unapiga. Mguu mzima huo! Kilichobaki ni moyo wako tu. Umekuwa mvivu, ndiyo habari yenyewe."

Alikaa kwenye kigoda akaanza kuvua buti la kushoto polepole, na machozi yakamdondokea kwenye kamba za buti. Mama yake ndiye aliyenipasha, mbele yake, bila kunisaza.

"Mtoto aliyekuwa hakamatiki ndani ya nyumba hii, leo ni mvivu? Uvivu gani huo unaanzia mguu mmoja?"

Nikatoka nje nikasimama barazani nikiangalia mvua.

Machi 30

Ili yaishe, tumempeleka zahanati. Daktari ni kijana mwenye haraka, foleni yake imefika getini. Akamlaza Kiguu chali, akabonyeza kigimbi, akaweka vidole viwili juu ya wayo. Nilivimba kichwa. Sharti la mama yangu, vilevile, na yeye amelisomea miaka mingapi!

"Damu inafika vizuri," akasema. "Ni msuli umechoka. Mmesema anakandwa; anayemkanda ni nani?"

"Mimi baba yake."

"Endeleeni, na mazoezi pia."

Akatupa dawa ya kupaka. Njia nzima nilimtembeza mke wangu na neno hilo, endeleeni, endeleeni, mpaka akanisihi ninyamaze. Kiguu alikuwa nyuma yetu. Tulisimama mara tatu kumngoja.

Aprili 2

Hamsini. Mshipa unapiga. Nimekanda.

Aprili 3

Mvua imebomoa ukingo wa barabara mbele ya dirisha langu. Hamsini. Unapiga. Nimekanda.

Aprili 6

Nyumba sita zimekuwa nne.

Aprili 9

Nimeongeza. Themanini asubuhi, na jioni nakanda kwa kina. Ukiingiza kidole gumba nyuma ya goti, kwenye kile kishimo, kuna kifundo. Ukubwa wa punje ya karanga, kinarukaruka chini ya kidole. Misuli iliyochoka huwa inaruka namna hiyo. Nimekibonyeza ili kilegee, lakini ni kigumu. Kiguu ameng'ata taulo. Nikamwambia ajikaze, tumefika kwenye shina la tatizo.

Aprili 10

Kifundo bado. Nimekibonyeza kwa kiwiko.

Aprili 11

Mama yake anasema kidole kidogo cha mguu wa kushoto ni cha baridi. Nimeshika, kweli ni cha baridi, na kile cha pembeni yake pia. Nikalaumu mabuti. Mtu anashinda majini siku nzima, unategemea vidole viwe moto? Nimemnunulia soksi nene. Nimekibonyeza kifundo tena, kinaanza kulegea nadhani.

Aprili 13

Anatembea nyumba tatu.

Leo hakulalamika hata mara moja, na hilo limenitisha zaidi ya malalamiko yote. Alipanda kitandani mwenyewe, akajilaza, akageuza uso ukutani. Nilizoea mtoto mbishi. Huyu aliyelala pale alikuwa ananiachia mguu wake kama mtu anayeacha mzigo kwa mtu asiyemwamini, kwa kuwa hana pengine pa kuuweka. Nilikanda kidogo tu nikasema nimechoka.

Aprili 16, Jumanne

Fundi Saa alikuja mchana. Huyu ana kibanda chake pale kwenye kona, anatengeneza saa, na kila baada ya wiki mbili ananiletea mgongo wake uliopinda kwa kuinamia vitu vidogo. Leo mikono yangu haikuwa kazini.

"Vipi bwana? Nimekuletea mgongo, wewe unanipapasa kama unatafuta funguo."

Nikamweleza. Sijui kwa nini, sina kawaida ya kumweleza mteja mambo ya nyumbani. Nikamwambia maumivu yanakuja akitembea, akifika kwangu hayapo, na kila jioni nakagua, mguu mzima.

"Unamkagua akiwa amelala?"

"Ndilo sharti."

Akageuza uso kidogo ndani ya taulo. Kisha akasema, "Nilikuwa na mteja mwenye saa yake ya mkononi, mwaka mzima. Anasema inasimama. Naiweka mezani kwangu, inatembea siku tatu bila kukosa dakika. Namrudishia. Kesho yake huyu hapa, imesimama. Nikamwita mwongo, akaniita tapeli. Mwisho nikamwambia, ivae, kaa hapa mbele yangu, fanya unavyofanya huko kwako. Kumbe bwana ni seremala. Akisukuma randa, kiganja kinakunjika, mfuniko wa nyuma unabonyea, unagusa mashine. Akipumzika, mfuniko unaachia. Pale mezani ingetembea mpaka kiyama."

Sikumaliza mgongo wake. Nilimwambia arudi kesho.

Kiguu aliporudi, nilimpeleka moja kwa moja kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mama yake akaacha sufuria akaja kusimama mlangoni. Nikapiga magoti kwenye maji ya mvua, nikaweka vidole viwili juu ya wayo wa kushoto. Mshipa ukapiga, ingawa siyo kama ule wa Machi.

"Chuchumia," nikamwambia.

Akajiinua. Goti limenyooka, kigimbi changu kile, kigimbi nilichokipima kwa uzi, kikajikunja kikawa jiwe. Na mshipa ukaondoka. Haukupungua, uliondoka. Nilisogeza vidole, nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto, nikashika nyuma ya kifundo cha mguu. Hakuna kitu. Nilikuwa nimeshika mguu wa mwanangu akiwa hai na mguu haukuwa na damu.

"Shuka."

Akashuka. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka tisa, mshipa ukarudi.

"Chuchumia tena."

Ukaondoka.

"Baba, vipi? Mbona unalia?"

Themanini kila asubuhi. Kabla ya hapo hamsini. Kila alipojiinua, nilikuwa nimeufunga mshipa wa mtoto wangu, na mama yake anahesabu.

Aprili 17

Hospitali kubwa. Daktari wa mishipa ni mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Nilimwomba asimshike akiwa amelala. Nilidhani atanifokea, lakini alimsimamisha, akamwambia achuchumie, akashika, akaniangalia.

"Nani amegundua hili?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Ni baba yake."

Akasema wenzake wengi hulipitia hili hata mwaka mzima bila kuliona. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa.

Aprili 18

Wamempitisha kwenye mashine inayosikiliza damu. Halafu daktari akatuita mimi na Kiguu, mama yake alikuwa dirisha la dawa. Akatuchorea kwenye karatasi.

"Mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni unapita nyuma ya goti, katikati, baina ya vichwa viwili vya msuli wa kigimbi. Kwa binti yako kichwa kimoja kimejishikiza mahali pasipo pake. Hilo ni la tangu tumboni, si kosa la mtu. Sasa mshipa umezungushwa, unapita kati ya msuli na mfupa. Akikaza mguu, msuli unaufinya. Akipumzika, unaachia."

"Na msuli ukinenepa?"

"Unafinya zaidi."

Kiguu alikuwa anaangalia karatasi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vya daktari.

"Kinachonitia wasiwasi ni hiki hapa," akaendelea, akachora kiduara. "Mshipa umefinywa mpaka umedhoofu, umevimba, na ndani ya uvimbe damu imeganda. Vipande vimeanza kumeguka na kushuka chini. Ndiyo hiyo baridi ya vidole. Kuna mtu alikuwa anambonyeza nyuma ya goti?"

Kiguu aliinua macho akaniangalia mimi.

"Kuna mzee mmoja wa mtaani," nikasema. "Anakanda."

"Mwambieni aache kabla hajamkata mtu mguu."

"Tutamwambia," nikasema.

Mpaka tunafika nyumbani Kiguu hakusema kitu. Nilisifiwa kwa kugundua, na kubonyeza nikampa mzee ambaye hayupo. Nimeandika hapa ili iwe imeandikwa mahali.

Upasuaji ni Alhamisi ijayo, tarehe ishirini na tano. Hakuna kitanda kabla ya hapo. Amepewa dawa ya kuzuia damu isigande, na ameambiwa asitembee, asichuchumie, asikandwe.

Aprili 19

Sina la kufanya. Jioni ilipofika saa yetu, nilijikuta nimekunjua taulo kitandani. Nikalikunja tena.

Aprili 20

Mvua. Fundi Saa alikuja kumaliziwa mgongo. Nikamwambia asimame kwanza achuchumie. Akanitii, akining'inia kwenye fremu ya dirisha kama mtoto anayechungulia, na sote wawili tukashindwa kucheka.

Aprili 21

Nimeshindwa kumwita kwa jina la Kiguu. Namwita "mwanangu," naye ananitazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Aprili 22, Jumatatu

Saa moja asubuhi nilisikia, "Baba, sihisi vidole."

Wayo ulikuwa mweupe kama mshumaa, na mistari ya samawati. Baridi imepanda mpaka katikati ya shavu la mguu. Niliweka vidole viwili. Nilibonyeza polepole, nikabonyeza sana. Mshipa haupigi. Amelala chali, goti limelegea, hajachuchumia, na haupigi.

Na mikono yangu ikaenda yenyewe. Miaka ishirini na saba, mtu akisema ana baridi mikono hii inasugua. Nilikuwa nimeshaushika mguu mama yake aliponidaka viganja vyote viwili kwa nyuma.

"Usimguse!" Sijawahi kusikia sauti hiyo kwake. "Usimguse mwanangu!"

Alinishika hivyo mpaka nikalegea. Halafu akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Tafuta gari."

Gari la jirani lilikuwepo ila barabara haikuwepo, mvua iliimaliza jana. Gari lilikuwa juu kwenye lami, mita mia tatu, na katikati matope ya kufika magotini. Nilimwita Fundi Saa. Tukakitoa kitanda changu cha kazi nje, tukamlaza juu yake, tukamfunika turubai. Fundi Saa na mgongo wake mbovu akashika mbele, mimi nyuma, mama yake pembeni akiwa amemshika mkono. Tulizama mara mbili. Mara ya pili kitanda kiliinama na mwanangu akashika ukingo, hakupiga kelele, alisema tu, "Taratibu, baba." Miguu yake ilikuwa mbele ya uso wangu njia nzima. Wa kulia wa rangi yake, wa kushoto si wa rangi ya mtu.

Walimwingiza chumba cha upasuaji saa tatu na nusu. Daktari alipita mbio na miwani yake ya uzi, akaniambia, "Sikuahidi mguu."

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Nina mikono ambayo watu wanaisafiria kutoka mbali, na kazi iliyokuwapo pale ni kuiweka kwenye mapaja. Saa tano. Saa saba. Muuguzi mmoja akawa anapiga deki karibu na miguu yetu, tukainua miguu, akapita, tukashusha.

Saa nane mama yake akasema bila kunitazama, "Muuguzi ameniuliza mzee wa mtaani anayekanda ni nani. Ameona kwenye faili."

Nikaigeuza mikono juu ya mapaja.

"Mtaa huu nimekaa miaka ishirini na tano. Simjui mzee mwingine anayekanda."

Aliangalia mlango na mimi nikaangalia mlango.

Saa kumi kasoro daktari alitoka. Wameukata ule msuli uliokosea njia. Kipande cha mshipa kilichoharibika wamekitoa, wakaweka kingine walichokichukua mguu wa kulia. Damu imeshuka mpaka kwenye wayo.

"Mguu tunao," akasema. "Vidole sijui. Tungoje."

Aprili 23

Tunangoja.

Aprili 24

Tunangoja. Mvua.

Aprili 27

Vidole vitatu vimerudi rangi. Viwili vya mwisho vinakuwa vyeusi. Ni vile vile nilivyovinunulia soksi.

Mei 2

Leo nimesimama mlangoni mwa wodi bila kuingia. Alikuwa anaongea na mgonjwa wa kitanda cha pili, anamweleza namna ya kusoma mita: tarakimu nyeusi unaandika, nyekundu unaziacha. Anaeleza kwa mikono yote miwili. Yule mgonjwa hakuwa anasikiliza, lakini mimi nilisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa sijawahi kumwuliza hata siku moja kazi yenyewe inafanywaje.

Mei 6

Wamevikata vile viwili.

Mei 10

Barua ya idara. Muda wa majaribio umesitishwa, wanamtakia kila la heri. Mama yake ameiweka chini ya godoro. Kana kwamba haitajulikana.

Mei 18, Jumamosi

Amerudi nyumbani kwa magongo mawili. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapumzika kwenye ile ngazi. Nilitamani niing'oe.

Mei 20

Wateja wawili nimewarudisha. Mmoja goti, mmoja kigimbi. Niliwaambia nina mafua.

Mei 23

Mvua imekata. Barabara imeanza kukauka, watu wanajaza mawe palipobomoka.

Jioni nilikuwa nimekaa chumba cha kazi, sifanyi kitu. Nikasikia magongo ukumbini, kisha mlango ukasukumwa. Mwanangu akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaegemeza magongo ukutani. Mama yake alikuja nyuma yake akabaki mlangoni, kisu cha kumenyea mkononi.

"Baba, leo nilikuwa kliniki. Daktari amenituma kwa yule mzee wa mtaani."

"Amesemaje?"

"Amesema asibonyeze nyuma ya goti la mtu, maisha yake yote. Na mtu akija na mguu unaouma akitembea, amsimamishe kwanza. Amshike mshipa akiwa amechuchumia. Ukiondoka, amlete kwake siku hiyohiyo."

"Ataambiwa."

"Na mimi nilimwambia daktari kitu." Akashika ukingo wa kitanda. "Nilimwambia mzee aliyebonyeza na baba aliyegundua ni mtu mmoja."

Mama yake hakusogea. Nje kuna mtu alikuwa anapigapiga mawe kwa nyundo, nikayasikia yote.

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alifuta kwenye faili akaandika upya."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu benchi lile la hospitali, mazuri, marefu. Yaliyotoka ni, "Nilikuita mvivu."

"Ndiyo," akasema. "Uliniita." Kisha, "Na siku hizi huniiti kabisa. Jina langu limekwenda wapi?"

Akainua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, mguu wenye vidole vitatu na mshono unaopanda mpaka pajani, akauweka juu ya mapaja yangu.

"Shika."

"Mwanangu, siwezi."

"Shika tu mshipa. Hakuna aliyekwambia ukande."

Nikaweka vidole viwili. Unapiga. Hata alipokaza mguu, unapiga.

Halafu akauteremsha, akajivuta, akasimama kwa mguu wa kulia akiwa ameshika bega langu. "Na huu," akasema. Nilijua kabla sijainama. Daktari alishatuambia kwamba mara nyingi tatizo hili huwa kwenye miguu yote miwili, na kwamba watampima. Leo walimpima. Nikapiga magoti chini. Nikashika. Unapiga. Akajiinua kidogo tu, uzito wake wote begani kwangu, na mshipa ukaondoka chini ya vidole vyangu kama siku ile. Akashuka. Nikahesabu mpaka saba, ukarudi.

Upasuaji wa huu ni Julai. Mpaka hapo anakaa na sisi tunamwangalia. Hakuna mafuta, hakuna zoezi, hakuna kitu chochote ambacho mikono hii inaweza kumfanyia mtoto huyu.

"Kiguu," nikasema.

"Naam, baba."

Mshipa unapiga. Sijakanda.